Fundi Akisema Amplifaya Yako Haitengenezeki, Ana Maana Gani?

Wapiga gitaa wengi wamekutana na jambo hili na likawaacha vinywa wazi. Amplifaya iliyotoka kiwandani mwaka 1965 inapelekwa kwa fundi ikiwa bubu, na baada ya siku chache inarudi ikinguruma kama zamani. Nyingine, changa kabisa, yenye chaneli tatu na vitaa vya kila rangi, inafika mezani kwa fundi yuleyule. Anaifungua, anaimulika kwa tochi, anarudisha skrubu zake na kusema haitengenezeki. Mwenye mali anaondoka na hasira, akiamini kwamba fundi hajui kazi, au ni mvivu, au kiwanda kilimuuzia takataka.

Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Fundi hasemi kwamba kazi haiwezekani. Anasema kwamba safari ya kukifikia kipande kilichokufa ni ndefu kuliko kazi ya kukibadilisha, kwamba njiani anaweza kuharibu vingine vilivyo vizima, na kwamba saa zitakazotumika zitagharimu kuliko thamani ya amplifaya yenyewe. Ni hesabu tu. Na hesabu hiyo inategemea zaidi namna vitu vilivyopangwa ndani kuliko umri, bei au jina lililoandikwa mbele.

Kutengeneza si kurekebisha

Watu huyachanganya mambo haya mawili, na mabishano mengi huanzia hapo. Kutengeneza ni kuirudisha amplifaya katika hali aliyoikusudia mbunifu wake: kipande kimeungua, kinawekwa kingine cha aina ileile. Kurekebisha ni kuifanya iwe kitu kingine kidogo, kwa mfano kuiongezea gaini, yaani kiasi inachoikuza ishara, kuipunguzia ukali wa sauti za juu, au kuitobolea tundu la kuunganishia pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti) katikati ya saketi, yaani mpangilio wa vipande vya umeme vya ndani. Zipo amplifaya ambazo kuzitengeneza ni kazi ya kawaida lakini kuzirekebisha ni kujitafutia balaa.

Ndani ya amplifaya yoyote ya gitaa kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni ugavi wa umeme, unaopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa volti zinazohitajika. Ya pili ni hatua za awali, ambazo huikuza ishara dhaifu ya gitaa na kuipa tabia yake. Vifundo vya besi, treble na gaini viko hapa. Ya tatu ni sehemu ya nguvu, inayoisukuma spika. Kazi ya kukuza hufanywa na valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, au na transista, au siku hizi na chipu ya kompyuta inayoiga tabia ya hizo mbili. Kuzunguka hapo kuna rezista zinazodhibiti mkondo, kapasita zinazotunza chaji na kuchagua masafa gani yapite, na potenshometa, ambayo ndiyo iliyojificha nyuma ya kila kifundo unachozungusha. Ukivifahamu hivyo, mengine yote yatafuatika.

Wakati saketi ilisomeka kwa macho

Mmarekani Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, kabla jina lake halijawa jina la gitaa, na amplifaya zake za miaka ya 1950 na 1960 zinaonyesha wazi kwamba aliyezibuni alishawahi kukaa upande wa fundi. Vipande vimepangwa kwa safu juu ya ubao mweusi, miguu ya kila kimoja ikiingia kwenye kijipete cha chuma na kulehemiwa. Kutoka hapo nyaya zinakwenda kwenye soketi za valvu, zilizofungwa kwa skrubu kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma, na kwenye potenshometa zilizobanwa kwa nati kwenye paneli ya mbele. Ndani ya kabati imebandikwa karatasi inayoonyesha valvu ipi inakaa wapi. Anayeifungua anaiona saketi nzima kwa mara moja. Akitaka kutoa rezista, anaipasha moto ncha moja, anaipasha nyingine, na imetoka.

Usomekaji huo ulizaa historia. Mwaka 1962, Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, huko London, waliunda amplifaya yao ya kwanza, JTM45, kwa kufuata karibu hatua kwa hatua saketi ya amplifaya ya Fender iitwayo Bassman. Mwishoni mwa muongo huohuo, kule California, Randall Smith aliichukua Fender Princeton ndogo akaibana nguvu za amplifaya kubwa ndani yake, na kutokana na marekebisho hayo ikazaliwa kampuni ya Mesa/Boogie. Sehemu kubwa ya sauti tunazoziita sauti za roki zimetokana na watu waliofungua kitu cha mtu mwingine, wakakielewa, wakakibadilisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Amplifaya isiyofunguka ina hasara kwa aliyeinunua, na pia inamnyima fundi wa kesho mahali pa kujifunzia.

Hata hivyo tusiupambe mno wakati ule. Ubao ule mweusi hunyonya unyevu, na baada ya miongo kadhaa huweza kuanza kupitisha umeme kidogo pale usipotakiwa, ukaleta kelele ambazo chanzo chake ni kigumu kukipata. Kapasita za ugavi wa umeme hukauka. Wala kuunganishwa kwa mkono peke yake si dhamana ya wepesi. Zipo amplifaya ambazo vipande vyake vimefungwa moja kwa moja kutoka soketi hadi soketi bila ubao wowote, vikipandana tabaka juu ya tabaka. Kukifikia cha chini lazima uondoe cha juu. Na Alexander Dumble, mbunifu Mmarekani aliyefariki mwaka 2022, ambaye amplifaya zake ni kati ya zinazotafutwa zaidi duniani, alizoea kufunika sehemu za saketi zake kwa gundi ngumu ili zisiigwe. Zimeunganishwa kwa mkono, ni ghali kupindukia, na sehemu iliyofunikwa haifikiki bila kuikwangua gundi hiyo polepole, kwa hatari ya kung'oa kilichomo.

Bodi haina hatia peke yake

Uvumi unaosikika kuliko wote ni huu: amplifaya yenye bodi ya saketi ni mbovu, yenye nyaya ni nzuri. Bodi ya saketi ni bamba la nyuzi za kioo na resini, au la karatasi iliyoshindiliwa, lenye njia nyembamba za shaba zilizochapwa juu yake badala ya nyaya. Viwanda viliipenda kwa sababu za haki. Kila amplifaya inayotoka inafanana na iliyoitangulia, makosa ya kuunganisha yanapungua, na kazi ya mikono, ambayo ndiyo gharama kubwa, inapungua zaidi. Bila bodi, amplifaya ya kwanza ya mwanafunzi wa gitaa ingekuwa kitu cha matajiri.

Ushahidi kwamba bodi si adui ni Marshall JCM800, jina lililoingia sokoni mwaka 1981. Modeli yake ya 2203 ina bodi, na bado ni kati ya amplifaya zilizorekebishwa na mafundi wengi kuliko zote. Kwa nini? Bodi yake ni ya upande mmoja, vipande vyake ni vikubwa na vina nafasi, saketi yenyewe ni fupi, na katika zile za mwanzo soketi za valvu zimefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na bodi kwa nyaya. Katika zile za baadaye soketi zilihamia kwenye bodi. Jina likabaki lilelile, lakini mafundi wanajua tofauti na huuliza ni ya mwaka gani kabla ya kutaja bei.

Shida huanza pale bodi inapoacha kuwa mahali pa kupangia vipande na kuwa ndiyo amplifaya yenyewe: potenshometa, jeki (matundu ya kuchomekea waya), swichi na soketi za valvu zote zimelehemiwa juu ya bamba moja, na ni shingo za potenshometa hizo ndizo zinazolishikilia bamba lisianguke. Ni kama nyumba ambayo mabomba yake ya maji yamezikwa ndani ya kuta. Bomba lenyewe laweza kuwa bora kuliko lile linalopita nje, lakini siku likivuja, fundi bomba atakulipisha kubomoa na kujenga upya ukuta, na bomba litakuwa sehemu ndogo ya bili.

Potenshometa moja inayokwaruza

Hebu tuchukue tatizo dogo kabisa: kifundo cha sauti kinakwaruza, na dawa ya kupuliza haikusaidia. Potenshometa imeisha, inabidi ibadilishwe.

Katika amplifaya yenye potenshometa zilizofungwa kwenye chasisi, fundi anatoa kifundo, anafungua nati moja, analegeza nyaya tatu, anaweka mpya, analehemu nyaya tatu. Hata akienda polepole, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Katika ile ya bamba moja, anaanza kwa kuitoa chasisi yote kwenye kabati. Anang'oa vifundo vyote, si kimoja, kwa sababu nati zote za paneli lazima zifunguliwe ndipo bodi ilegee. Anafungua nati za jeki. Anachomoa plagi ndogo za transfoma na spika, akizipiga picha kwanza, maana zinafanana na kukosea moja kunaweza kuchoma kitu. Kisha anagundua kwamba mkanda wa nyaya unaokwenda kwenye bodi ya soketi haukuwekewa plagi, umelehemiwa pande zote mbili, na ni mfupi kiasi kwamba bodi haiwezi kupinduliwa. Huo nao lazima aulehemue, au aukunje kwa uangalifu akiomba nyuzi zake zisikatike. Ikishapinduka, anaanza kunyonya risasi, yaani madini laini ya kulehemia, kwenye mashimo ya potenshometa: matatu ya umeme na mawili makubwa ya kuishikilia. Mashimo yamevikwa shaba ndani hadi upande wa pili. Akizidisha moto, kijisahani cha shaba kinachozunguka shimo kinabanduka, na pale palipokuwa na tatizo la kukwaruza sasa pana njia iliyokatika. Akimaliza salama, anarudia yote kinyumenyume. Na potenshometa mpya lazima iwe ya umbo lilelile, urefu uleule wa shingo na mpangilio uleule wa miguu, vinginevyo haitaingia.

Kipande chenyewe ni cha bei ndogo katika hali zote mbili. Kilichotofautiana ni saa na hatari. Mteja anayeona bili ya pili anadhani amepunjwa, kwa sababu anachokiona mkononi ni kipotenshometa kimoja.

Joto, adui asiyeonekana

Amplifaya ya valvu hupata joto kali, na joto hilo ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya bodi huzeeka vibaya. Ndani ya kila valvu kuna waya wa kupashia moto. Valvu moja ya nguvu aina ya EL34 hutaka ampea 1.5 kwa volti 6.3, kwa ajili ya waya huo tu. Amplifaya ya wati 100 yenye EL34 nne hutaka ampea 6. Waya mnene wa shaba haushtuki kwa mkondo huo. Njia nyembamba ya bodi iliyobuniwa kwa ubahili hupata moto, na viungo vya risasi kwenye soketi hupanuka amplifaya ikiwashwa na kunywea ikizimwa, kila siku, kwa miaka. Ongeza na kani ya kuchomoa na kuchomeka valvu, ambayo soketi iliyolehemiwa kwenye bodi huipeleka yote kwenye viungo hivyo. Mwisho wake ni ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu, usioonekana bila miwani ya kukuzia, na amplifaya inayokatakata sauti kwenye onyesho kisha ikifika kwa fundi inafanya kazi vizuri kabisa.

Mfano unaojulikana na karibu kila fundi wa amplifaya ni Fender Hot Rod Deluxe, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990 na kuuzwa kwa wingi mno. Ina rezista mbili za wati 5 zinazopunguza volti kwa ajili ya saketi za kubadili chaneli. Hupata moto sana, na katika nyingi ya zile za zamani bodi chini yake imegeuka hudhurungi na risasi imelegea. Mafundi wengi huzitoa, huweka zenye uwezo mkubwa zaidi, na kuziinua milimita kadhaa juu ya bodi ili hewa ipite. Ni kazi ndogo, inayofanikiwa, na inaonyesha kwamba hata amplifaya ya bamba moja inaweza kuokolewa tatizo likijulikana na likiwa mahali panapofikika. Siiiti amplifaya hiyo mbovu. Ina watu wengi wanaoifahamu, na hilo peke yake ni spea ya aina yake.

Kwa nini kurekebisha ni kugumu zaidi

Marekebisho ya kawaida katika amplifaya ya valvu ni kubadilisha kapasita inayokaa sambamba na rezista ya kathodi (mguu mmojawapo wa valvu) kwenye valvu ya kwanza. Amplifaya nyingi za Fender zina mikrofaradi 25 (kipimo cha ukubwa wa kapasita) hapo, na besi yote inapita. Marshall nyingi zina mikrofaradi 0.68, na besi inapunguzwa ili sauti iliyovurugwa isiwe tope. Badilisha kipande hicho kimoja na utasikia tofauti kwa noti ya kwanza. Katika saketi fupi, kazi imeisha.

Sasa chukua amplifaya yenye chaneli tatu. Ili kuokoa nafasi, valvu ileile hutumiwa na chaneli zote, na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au transista ndogo hubadilisha vipande vinavyoizunguka kila unapokanyaga swichi. Ukigusa kipande ili chaneli ya tatu iwe na gaini zaidi, umeigusa na ya kwanza. Chaneli safi inaanza kuvuruga, au swichi inatoa mlio wa pwa kila ikikanyagwa. Amplifaya za Mesa/Boogie ni mfano mzuri wa ubunifu wa namna hii: uwezo mkubwa uliobanwa mahali padogo, kila kipande na jirani zake. Nyingi pia hazina pa kurekebisha bayasi, yaani mkondo wa kupumzika wa valvu za nguvu. Kiwanda kiliamua uwe mmoja, na huuza valvu zilizochaguliwa kuendana nao. Kwa mpiga gitaa asiyetaka kumwita fundi kila akibadilisha valvu, huo ni uamuzi wenye faida. Kwa anayetaka kuchezea, ni mlango uliofungwa.

Kuna jambo lingine ambalo michoro haionyeshi. Gaini ikiwa kubwa, hata mahali waya unapopita ni sehemu ya saketi. Mbunifu wa bodi alipanga njia zake ili hatua ya mwisho isijisikie kwenye hatua ya kwanza. Ukiongeza waya wa sentimita kumi kwa ajili ya swichi yako mpya, unaweza kuwa umezikutanisha. Amplifaya huanza kupiga filimbi, au, vibaya zaidi, inapiga filimbi ya juu mno isiyosikika na sikio huku valvu za nguvu zikiungua kimyakimya. Ndiyo maana fundi mwaminifu hukataa marekebisho ambayo kwenye karatasi yanaonekana rahisi.

Risasi mpya na vipande visivyoshikika

Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza vitu vyenye sumu katika vifaa vya umeme ilianza kutumika, na madini ya risasi yakaondolewa kwenye ulehemu wa viwandani. Kwa afya ya watu na udongo ilikuwa hatua sahihi. Kwa fundi ilileta kazi. Ulehemu wa zamani huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, ule mpya unaotumika sana huyeyuka kwenye takribani 217 hadi 220. Tofauti hiyo ndiyo inayobandua vijisahani vya shaba mikononi mwa asiye na kifaa chenye nguvu ya kutosha.

Kisha vipande vyenyewe vimepungua. Vya zamani vilikuwa na miguu ya kupita kwenye mashimo. Vingi vya sasa hukaa juu ya uso wa bodi, na saizi mojawapo ya kawaida ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Kapasita nyingi za namna hiyo hazina hata maandishi, kwa hiyo bila mchoro huwezi kujua iliyoungua ilikuwa ya kiasi gani. Fundi mwenye darubini na kifaa cha hewa moto huvibadilisha vizuri tu. Lakini kubadilisha ladha ya sauti kwa kujaribu kapasita tatu au nne, kusikiliza, kutoa, kuweka nyingine, ni jambo ambalo bodi za namna hii hazivumilii.

Isidhaniwe kwamba transista ndiyo tatizo. Roland JC-120 ya mwaka 1975 haina valvu hata moja, na nyingi za miaka hiyo zinatengenezwa hadi leo kwa sababu zimejengwa kwa transista na vipande vya kawaida. Zilizo taabani ni zile zilizotegemea moduli moja ya nguvu iliyoundwa maalumu, ambayo kiwanda chake kilishaacha kuitoa, na moduli zinazouzwa sokoni nyingi ni bandia.

Kompyuta ikichukua kazi

Mwaka 2019 Fender walitoa Twin Reverb ya familia ya Tone Master. Kwa nje ni Twin, amplifaya ya valvu ya kampuni hiyo ya tangu zamani. Ndani hakuna valvu wala transfoma kubwa, kuna chipu inayoikokotoa saketi ya zamani na kikuza nguvu cha kidijitali. Uzito wake ni takribani kilo 15, wakati Twin ya valvu inayotengenezwa leo ina takribani kilo 29. Anayepandisha ngazi na amplifaya mkononi hahitaji kuelezwa faida hiyo.

Ila katika amplifaya za aina hii kurekebisha kwa chuma cha kulehemu kunapoteza maana, kwa sababu gaini haikai tena kwenye kapasita, imo ndani ya programu. Kinachoweza kubadilishwa ni kile ambacho kiwanda kimeruhusu kupitia masasisho. Na kutengeneza kunakuwa kubadilisha bodi nzima: fundi anathibitisha kwamba bodi ya chipu imekufa, anaiagiza, anaifunga. Kiwanda kikiwa bado nayo, ni kazi safi na ya haraka kuliko zote nilizozitaja. Siku kikiacha kuitoa, amplifaya hiyo inabaki kabati lenye spika nzuri.

Hapo ndipo mchoro unapokuwa muhimu. Zamani michoro ya saketi ilisambazwa wazi. Siku hizi makampuni mengi huitoa kwa mafundi walioidhinishwa pekee, au haitoi kabisa. Bila mchoro, saa za kutafuta huongezeka mara kadhaa, na fundi hana namna ya kukuahidi bei. Ukiambiwa haitengenezeki, swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni kama amekosa mchoro, amekosa kipande, au amekosa njia ya kukifikia. Majibu hayo matatu yana suluhisho tofauti. Mchoro huenda ukapatikana kwa kuiandikia kampuni, na kipande huweza kutolewa kwenye amplifaya nyingine iliyokufa. Njia ndiyo isiyonunulika.

Kabla hujafungua mwenyewe

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaua. Amplifaya ya valvu hubeba volti 300 hadi 500 za mkondo mnyoofu (DC) ndani yake, na kapasita zake huweza kuzitunza hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kuizima hakutoshi, na kuiacha usiku kucha si uthibitisho. Anayeifanyia kazi huzimaliza chaji hizo kupitia rezista inayofaa, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote. Wala zisizo na valvu si salama kama zinavyosemwa. Ugavi wa kisasa mwepesi huugeuza umeme wa volti 230 kuwa takribani volti 325 za mkondo mnyoofu kabla ya kuupunguza, na volti hizo ziko pale kwenye bodi.

Mtu anayetaka sauti tofauti ana mambo ya kufanya yasiyoigusa bodi. Spika ndiyo ya kwanza: kubadilisha spika hubadilisha sauti kuliko marekebisho mengi ya ndani, na siku ukichoka unairudisha ya zamani, mradi tu omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane na uwezo wa wati utoshe. Katika hatua za awali, valvu ya 12AX7 inaweza kubadilishwa kwa 5751 au 12AT7 kwenye amplifaya nyingi, na gaini ikapungua bila kulehemu chochote. Pedali ya gaini mbele ya chaneli safi huwapa wengi kile walichotaka kumlipia fundi.

Na anayenunua ya kutumika anaweza kujua mengi kwa nje. Tazama nyuma, kwenye soketi za valvu: zikiwa na skrubu au riveti zinazozishika kwenye chuma cha chasisi, ni dalili njema, zikichungulia tu kupitia matundu, ziko juu ya bodi. Tikisa taratibu shingo ya potenshometa. Iliyobanwa na nati ya chuma kwenye paneli haisogei, iliyoshikiliwa na bodi peke yake hutikisika. Chomeka waya kwenye jeki na uusogeze kidogo. Ikikwaruza, jeki zikiwa za plastiki na hazina nati ya chuma, fahamu kwamba ufa huenda umeshaanza kwenye risasi yake. Halafu mpigie fundi wako umtajie modeli na mwaka kabla hujalipa. Kama ameshaifungua moja ya aina hiyo, atakwambia mara moja inachukua muda gani kuifikia bodi yake.